"Hajarudi" na "hakurudi": sarufi ya tumaini la msomaji wa riwaya za kifantasia

1. Utangulizi

Jumamosi jioni, sisi wanafunzi wachache wa lugha za Kiafrika hukutana kusoma na kujadili riwaya. Vitabu vyenyewe ni vichache na vimechakaa. Vingi ni tafsiri za Kifaransa, na nakala moja hupita katika mikono ya watu watano au sita kabla ya kumfikia tena mwenyewe. Lakini mjadala tunaufanya kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha tunayochekea na kugombania. Mwaka jana tulichagua riwaya za kifantasia, yaani zile zenye wachawi, majoka na nchi zisizoonekana katika ramani yoyote. Zilituletea shida moja: karibu zote ni mifululizo, na karibu kila mfululizo ulikosa kitabu. Ama kitabu hatukukipata hapa Bukavu, ama mwandishi mwenyewe hajakiandika.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kama mwanaisimu. Tulipomzungumzia mhusika aliyetoweka mwishoni mwa kitabu, mmoja wetu alisema: "Basi, hakurudi." Mwingine akamkatiza: "Hajarudi!" Waligombana kwa muda mrefu. Niliporudi nyumbani na kusoma sentensi zao katika daftari langu, niliona kwamba juu ya matukio ya kitabu walikubaliana kabisa. Kilichowatenganisha kilikuwa kiambishi kimoja.

Makala haya yanafuata kiambishi hicho. Hoja yangu ni kwamba tumaini la msomaji anayesubiri kitabu kingine lina sehemu mbili, ambazo mara nyingi tunazichanganya. Ya kwanza ni tumaini kwamba hadithi bado iko wazi. Ya pili ni tumaini kwamba mhusika atarudi akiwa yule yule tuliyemwacha. Kiswahili kinazitenga sehemu hizi kwa zana zake chenyewe, na nitaonyesha kwa mifano kwamba mwandishi anaweza kuitimiza ya kwanza huku akiinyima ya pili.

2. Kiambishi kinachoacha mlango wazi

Tuanze na jozi hii:

(1) Ged hakurudi.
(2) Ged hajarudi.

Ged ni mchawi, mhusika mkuu wa mfululizo wa Earthsea wa mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin, ambao wasomaji wa Kifaransa wanauita Terremer. Sentensi zote mbili zinakanusha, na zote mbili ni kweli mwishoni mwa kitabu cha tatu. Tofauti iko katika njeo. Kiambishi -ku- kinaliweka tendo katika wakati uliopita na kulifunga humo. Kiambishi -ja- kinasema kwamba hadi sasa tendo halijatokea, na kwa kawaida kinabeba pia matarajio kwamba linaweza kutokea.

Kuna njia nyepesi za kupima jambo hili. Tunaweza kusema "hakurudi jana", lakini "hajarudi jana" inakwaruza sikio. Lazima tuseme "hajarudi tangu jana", ili muda uendelee hadi sasa. Vilevile "hakurudi, na hatarudi" ni sentensi tulivu. "Hajarudi, na hatarudi" inamfanya msikilizaji asite, kwa sababu nusu ya kwanza imemwahidi kitu ambacho nusu ya pili inamnyang'anya.

Sasa tulinganishe na lugha tuliyosomea kitabu. Sentensi ya Kifaransa "il n'est pas revenu" inaweza kumaanisha (1) au (2). Anayetaka kuonyesha matarajio ataongeza neno "encore", na asipotaka atalinyamazia. Msomaji wa Kifaransa anaweza basi kufunga kitabu bila kuamua anasubiri au hasubiri. Sisi tuliokisoma kwa Kifaransa na kukijadili kwa Kiswahili tulilazimika kuchagua mara tu tulipofungua kinywa. Ndiyo maana ugomvi ulizuka Jumamosi ile: sarufi ilitudai msimamo.

Neno jingine lilijaa katika daftari langu, nalo ni "labda". Historia yake inafaa kukumbukwa hapa. Linatoka katika maneno ya Kiarabu "la budda", yenye maana ya "hapana budi", na "budi" yetu imetoka katika mzizi huo huo. Neno lililoanza likimaanisha jambo lisiloepukika limefika kwetu likimaanisha jambo lisilo na hakika. Wasomaji wa mifululizo wanaijua safari hiyo. Mwaka wa kwanza baada ya kitabu kutoka husema "kinachofuata lazima kitakuja", na mwaka wa kumi husema "labda".

Sikujifunza uzito wa -ja- darasani. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikwenda machimboni upande wa Walikale nilipokuwa na miaka tisa. Siku moja, nikiwa tayari mwanafunzi wa sekondari, mgeni aliuliza habari zake, nami nikajibu kwamba mjomba alienda na hakurudi. Mama alingoja mgeni aondoke. Kisha akaniambia: "Mwanangu, usiseme vile. Sema hajarudia. Hakurudia ni ya matanga." Hakuwa amesoma isimu hata siku moja, lakini maelezo yake ya tofauti kati ya njeo hizi mbili bado sijapata mengine yanayoyazidi. Katika nyumba yetu -ku- ilikuwa marufuku juu ya mjomba, na marufuku hiyo inaendelea.

Silinganishi mtu wa nyumbani na mtu wa kitabuni. Ninalosema ni kwamba sarufi inayotumika ni moja, na kwamba msomaji anayekatiza mwenzake kwa "hajarudi!" anafanya jambo ambalo amelisikia nyumbani kwao: anakataa kuanza matanga mapema.

3. Kitabu kilichoitwa cha mwisho

Mfululizo wa Earthsea unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mwandishi mwenyewe alifunga mlango kisha akaufungua, zaidi ya mara moja. Vitabu vitatu vya kwanza vilitoka mwaka 1968, 1971 na 1972. Mwishoni mwa cha tatu, The Farthest Shore, Ged ametumia uchawi wake wote kuuziba ufa uliofunguliwa kati ya nchi ya wazima na nchi ya wafu. Joka Kalessin linambeba hadi kisiwa chake cha Gont. Baada ya hapo msimulizi anatupa mapokeo mawili yanayopingana. Wimbo wa sifa unasema alionekana siku ya kutawazwa kwa mfalme kijana, kisha akapanda mashua yake na kwenda zake. Watu wa Gont wanasema mfalme alimfuata kisiwani asimpate, kwa kuwa alikuwa amepanda msituni mlimani kwa miguu, peke yake.

Kwa lugha yetu, mapokeo ya kwanza ni ya -ku- na ya pili ni ya -ja-. Aliyekwenda zake baharini hakurudi. Aliyepanda mlimani hajashuka.

Wasomaji walikaa na mlima huo miaka 18. Mwaka 1990 Le Guin alitoa Tehanu, akakipa kichwa kidogo kinachosema kwamba hiki ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea. Lakini mwaka 2001 alitoa viwili kwa mpigo: mkusanyiko wa hadithi, Tales from Earthsea, na riwaya The Other Wind. Katika dibaji ya mkusanyiko ule alijicheka mwenyewe kwa kuwa aliandika neno "mwisho". Alieleza kwamba alidhani amefika katika "sasa" ya hadithi, asijue kwamba "sasa" haisimami mahali pamoja.

Kwa mwanaisimu, maelezo hayo ni somo zima la njeo. Maana ya -ja- hupimwa kutoka mahali tunapoiweka "sasa", na "sasa" ikisogea, kilichoonekana kimefungwa kinaweza kufunguka. Mwandishi aliyeandika "mwisho" mwaka 1990 alisema kweli kwa "sasa" ya 1990. Msomaji aliyeendelea kusema "hajaandika" badala ya "hakuandika" hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa amechagua njeo ambayo wakati ungeweza kuithibitisha. Le Guin alifariki Januari 2018, na hata hapo palibaki kitu: hadithi fupi iitwayo Firelight, inayosimulia siku za mwisho za Ged akiwa mzee, Tenar akiwa karibu naye, ilichapishwa mwaka huo baada ya kifo cha mwandishi.

Si kila mfululizo una bahati hiyo. Wenzangu waliosoma A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin wanajua kwamba kitabu cha tano kilitoka mwaka 2011, na kwamba kuelekea mwisho wake Jon Snow anachomwa visu na watu wake mwenyewe. Filamu ya mfululizo kwenye televisheni ilimfufua mwaka 2016 na ikaisha mwaka 2019. Kitabu cha sita, The Winds of Winter, hakijatoka hadi ninapoandika mstari huu. Mwenzetu mmoja aliyeona filamu yote alisema: "Snow alirudi, lakini hajarudi." Nilimwomba arudie ili niandike vizuri. Hakuwa anacheza na maneno. Katika filamu alirudi, katika kitabu hajarudi, na kwake yeye kitabu ndicho kinachohesabiwa.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Robert Jordan alifariki Septemba 2007 akiwa ameandika vitabu kumi na kimoja vya mfululizo mkuu wa The Wheel of Time, bila kuufikisha mwisho. Tutalisemaje jambo hili kwa Kiswahili? Kila niliyemuuliza alijibu karibu sawa: "Alifariki hajamaliza." Nilitegemea "hakumaliza", kwa kuwa mfu hawezi kuandika tena. Lakini -ja- hapa inapimwa kutoka siku ya kifo: siku ile kazi ilikuwa inaendelea, na kifo kilimkuta njiani. "Hakumaliza" ingeweza kumaanisha kwamba aliacha, alichoka au alishindwa. "Alifariki hajamaliza" inaiacha kazi mezani, ikingoja mkono mwingine. Na mkono ulikuja. Mkewe, Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson, naye akiongozwa na maandishi yaliyoachwa akatoa vitabu vitatu, mwaka 2009, 2010 na 2013. Msomaji aliyetumia -ja- juu ya marehemu alikuwa amesema kitu chenye maana kamili.

4. "Yule yule"

Hadi hapa nimezungumzia sehemu ya kwanza ya tumaini. Ya pili ilijitokeza tulipofika Tehanu, na ilileta ugomvi mkubwa kuliko wa kwanza.

Ged anarudi kweli katika kitabu hicho. Anafika Gont mgongoni mwa joka, akiwa mgonjwa, na uchawi umemwisha kabisa. Aliyekuwa mkuu wa wachawi wote wa visiwa vile anaona aibu mbele ya watu, anakimbilia mlimani, anachunga mbuzi. Moyo wa kitabu hauko kwake bali kwa Tenar, ambaye katika kitabu cha pili alikuwa kuhani msichana na sasa ni mjane mwenye watoto wakubwa, pamoja na mtoto mdogo aliyeunguzwa na watu wake mwenyewe, ambaye Tenar anamlea. Tangu kitabu kilipotoka wasomaji wamegawanyika juu yake, nasi tuligawanyika vilevile. Mwenzetu aliyekuwa amepiga kelele "hajarudi!" ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisema: "Huyu si yeye. Mimi nilimngoja yule."

"Yule" ni kiashiria cha mbali. Kinamwonyesha mtu aliye mbali nasi kwa nafasi, kwa wakati au katika kumbukumbu. Tukikirudia, "yule yule", tunapata maana ya kutobadilika: wa jana na wa leo ni mmoja. Mtu anayesema "namngoja arudi" ameomba tendo moja tu. Anayesema "namngoja arudi yule yule" ameongeza sharti, na sharti hilo kitabu kipya ni vigumu kulitimiza, kwa sababu kitabu kipya kinahitaji jambo lipya litokee, na jambo likimtokea mtu humbadilisha.

Fantasia yenyewe imelijua hili tangu zamani. J. R. R. Tolkien alitoa The Hobbit mwaka 1937, wasomaji wakakipenda, mchapishaji akataka kingine chenye hobiti ndani. Kilichokuja kilikuwa The Lord of the Rings, mwaka 1954 na 1955. Bilbo yumo, ila amezeeka, na pete aliyoipata kama bahati katika kitabu cha kwanza imekuwa mzigo ambao anauachia kwa shida. Waliomtaka Bilbo walimpata, pamoja na miaka yake.

Hapa kwetu mfano uko karibu zaidi. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga ulirekodiwa mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Shé-Kárisi Candi Rureke, aliyeuimba na kuusimulia kwa siku kumi na mbili, na ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anaua joka Kirimu. Nkuba, mwenye radi, aliyekuwa rafiki wa Kirimu kwa kuchanjiana damu, anamchukua Mwindo hadi mbinguni na kumweka huko mwaka mzima kati ya baridi na jua kali. Watu wake wanamngoja. Anarudi, lakini yule aliyezaliwa akitamba na kushinda kila mtu sasa analeta miiko na mafundisho, na yeye mwenyewe amekatazwa kuua wanyama. Hakurudi yule yule, na wasimulizi hawakuona haja ya kumwomba radhi msikilizaji.

Je, basi tuseme "si yeye"? Le Guin ametupa jibu ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Katika Earthsea kila mtu ana jina la kutumia na jina la kweli, na uchawi wote umejengwa juu ya majina ya kweli. Jina la kutumia huweza kubadilika. Katika Tehanu Ged amepoteza nguvu, cheo na fimbo, lakini jina la kweli ni lile lile, na Tenar anamwita kwa jina hilo. Kwa sheria za nchi ile, basi, huyu ni yeye. Mwandishi ametimiza "arudi" na amelikatalia "yule yule" la nguvu, huku akituachia "yule yule" la jina.

Nilimweleza mama jambo hili nilipokuwa naandika makala, bila kutaja majoka. Nikamuuliza: mjomba akirudi leo akiwa mzee, na mke tusiyemjua, na nyimbo zile za kutuchekesha amezisahau, itakuwaje? Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema: "Arudie tu." Nimeiandika sentensi hiyo katika daftari moja na za wenzangu. Ina hali tegemezi, ambayo ni hali ya ombi, na ina "tu". Haina "yule yule".

5. Kurudi na kurudia

Msomaji makini ameona kwamba mama husema "hajarudia" mahali ambapo vitabu vya sarufi vinataka "hajarudi". Hilo si kosa la mama. Katika Kiswahili cha mji wetu, kama katika sehemu nyingine za Kongo, "kurudia" hutumika kwa maana ya kurudi mahali. Katika Kiswahili sanifu, "rudia" ni "rudi" iliyoongezwa kiambishi cha kutendea, na maana yake ya kawaida ni kufanya tena jambo lile lile: kurudia somo, kurudia wimbo.

Kwetu, basi, kitenzi kimoja kinabeba kurudi kwa mhusika na kurudia kwa msomaji. Sidhani hili ni la kupuuzwa katika mada yetu. Mhusika akirudi katika kitabu kipya, anarudi akiwa amebadilika. Sisi tukirudia kitabu cha zamani, tunamkuta yule yule, neno kwa neno, akiwa na fimbo yake mkononi. Anayemtaka Ged wa zamani hana haja ya kumngojea mwandishi, maana kitabu cha 1968 kipo. Mwenzetu aliyekasirika alifanya hivyo. Alirudia kitabu cha kwanza, kisha wiki mbili baadaye akaomba Tehanu tena. Bado anasema hakipendi, na bado hajakirudisha.

Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko makala haya. Daftari langu lina sentensi za marafiki wa mji mmoja, na sikuzikusanya kwa utaratibu wa kutosha kutoa hesabu. Ninawaalika wenzangu wa Lubumbashi, Kisangani, Goma na Kalemie wasikilize jinsi watu wa kwao wanavyosema jambo ambalo bado linangojewa, katika riwaya, katika mpira na nyumbani: je, -ja- inasikika? Imebadilishwa na umbo gani? Inabeba matarajio yale yale? Na walimu wetu ninawaomba jambo moja. Tunapofundisha ukanushi, tusiziweke -ku- na -ja- katika jedwali moja kama nyakati mbili tu za jambo moja. Tumuulize mwanafunzi kwanza: je, wewe bado unangoja?